Kuangika na Kugongomea: Istilahi za Mabamba ya Ukuta

Miongoni mwa maandishi yanayowafikia wafasiri siku hizi yamo maelekezo ya ufundi yaliyotungwa kwa ajili ya nchi zenye majira makali kuliko yetu. Wasemaji wa Kiswahili waliohamia Marekani na Kanada wamekuwa wengi, na wamo kati yao wanaojipatia riziki katika ujenzi. Hivyo karatasi za namna hiyo hutafsiriwa ili wapate kuzisoma. Mwandishi wa makala haya aliwahi kuletewa moja aisahihishe. Sentensi yake mojawapo ilisema: "Gongomea misumari mpaka ikaze barabara." Kwa sarufi haikuwa na kosa lolote, lakini fundi ambaye angaliitii angaliharibu nyumba ya watu.

Yafaa kwanza tukieleze kitu chenyewe. Nyumba nyingi za Marekani Kaskazini hujengwa kwa kiunzi cha mbao. Kiunzi hicho huzibwa kwa mbao pana, juu yake hutandazwa karatasi ya kuzuia maji, na mwisho kabisa ukuta huvishwa vipande virefu vyembamba vinavyolaliana kutoka chini kwenda juu, mfano wa magamba ya samaki. Zamani vipande hivyo vilikuwa vya mbao. Siku hizi vingi ni vya vinili, plastiki ngumu ya jamii moja na ile ya mabomba ya maji. Mfasiri wetu aliviita "mbao za pembeni". Msomaji hatajua ni pembeni mwa nini, wala si mbao. Twapendekeza bamba la ukuta, kwa kuwa neno bamba limekwisha kuzoeleka kwa kitu chochote kipana na chembamba, kiwe cha chuma au cha kitu kingine.

Sasa tuitazame hali ya hewa ambayo bamba hilo hutakiwa kuistahimili. Mjini Chicago, mwezi Julai 1934, joto lilifikia nyuzi 40 za Selsiasi na zaidi kidogo. Januari 1985 baridi ilishuka hadi karibu nyuzi 33 chini ya sifuri. Hizo ni siku za kupindukia, lakini hata mwaka wa kawaida ukuta uleule hupigwa na theluji na baadaye na jua kali, na bamba linaloelekea jua huwa na moto kuliko hewa inayolizunguka. Vinili hutanuka mno: mita moja huongezeka kiasi cha milimita 0.065 kwa kila nyuzi moja ya joto, karibu mara tano ya chuma. Bamba la kawaida lina urefu wa futi 12 na nusu, yaani mita 3.8. Joto likipanda nyuzi 50, bamba hilo hurefuka kwa milimita 12 hivi, ambazo ni karibu nusu inchi. Likikosa pa kwenda, hujikunja na kufanya mawimbi ukutani. Na likiwa limebanwa wakati wa baridi, ambapo vinili huwa kavu na rahisi kuvunjika, hupasuka penye msumari.

Kwa sababu hiyo bamba limetobolewa matundu marefu ya mlalo kwenye ukingo wake wa juu. Msumari hupigwa katikati ya tundu, wala si mwishoni, na kichwa chake huachwa mbali kidogo na bamba, yapata milimita moja kasoro. Ukingo wa chini, uliopindwa kama kulabu, husukumwa juu mpaka unase katika bamba la chini yake. Usivutwe kwa nguvu. Baada ya kupigilia, fundi hulishika bamba kwa mikono na kulisogeza kushoto na kulia. Lisiposogea, misumari ing'olewe.

Ndiyo maana tunasema kosa la karatasi ile lilikuwa katika kitenzi. Kugongomea ni kukifunga kitu kisitoke mahali pake. Kuangika ni jambo jingine: shati lililoangikwa msumarini limebebwa na msumari, lakini halikushikwa nao. Bamba la vinili huangikwa. Neno hilo lipo katika kila nyumba ya Mswahili, na laiti lingalitumika, fundi angalielewa bila ya maelezo marefu. Hata pale panapotumika mabamba ya wima neno hilo lafaa, tena zaidi: msumari wa kwanza hupigwa juu kabisa ya tundu la juu ili bamba lining'inie hapo, na iliyobaki hupigwa katikati ya matundu yake.

Nafasi inayoachwa kwenye ncha za bamba, pale linapoingia katika mfereji wa pembe au wa dirisha, tuiite mwanya wa mtanuko. Kwa kawaida ni milimita 6. Lakini kazi ikifanywa siku ya baridi, chini ya nyuzi 4 hivi, mwanya huwa milimita 10, kwa kuwa bamba limekwisha kunywea na urefu wake wote uko mbele yake. Hapa mfasiri asiandike "acha nafasi ya kutosha" akadhani amemaliza kazi. Mabamba yanapokutana ncha kwa ncha, hulaliana kwa milimita 25 hivi, kama mabati ya paa.

Limebaki suala la jozi ya vitenzi. Shuleni twafundisha kutanuka na kusinyaa. La kwanza halina tatizo. La pili linanitia shaka, maana kinachosinyaa ni jani au ngozi, nacho hubaki na makunyanzi. Bamba lililopoa halina kunyanzi hata moja. Nguo iliyofuliwa husemwa imerudi, lakini nguo hairejei urefu wake wa kwanza kama bamba lirejeavyo. Kunywea ndiko kunakokaribia zaidi, na ndiko nilikotumia hapa. Kuvimba, kwa upande mwingine, kusichanganywe na kutanuka: mbao huvimba kwa kunywa maji, tena kwa upana zaidi kuliko urefu, na fundi wa mbao huacha mwanya wake kwa sababu hiyo na si kwa sababu ya jua.

Mwalimu asiyepata kuona theluji asihofu kuifundisha dhana hii. Jioni, jua linapozama, awaambie wanafunzi wakae kimya chini ya paa la mabati na wasikilize linavyoalika.