Blanketi la Viraka na Nguo za Marehemu

Ndugu msomaji, hebu fungua sanduku lako la nguo. Bila shaka imo kanga iliyochakaa katikati, lakini pindo zake bado nzima. Imo suruali ya kaki iliyotoboka magotini. Limo gauni la mtoto ambaye siku hizi ni mtu mzima. Na huenda imo nguo ya mtu ambaye hayupo tena duniani. Huivai, wala huitupi. Imekaa tu.

Leo tuzungumze habari za nguo hizo. Tutaona namna ya kuzishona ziwe blanketi. Tena tutaona kwa nini watu wengine wamezishona wakati wa msiba. Jambo la kwanza nimelifundisha kwa miaka kadhaa. La pili nililifundishwa mimi.

Darasa letu liko Bujora, karibu na Kisesa, katika Wilaya ya Magu. Wengi mnapajua Bujora kwa Makumbusho ya Wasukuma, ambayo Padri David Clement aliyaanzisha akisaidiana na wazee wa Kisukuma. Mnapajua pia kwa ngoma za Bulabo za mwezi Juni, wakati Bagika na Bagalu wanaposhindana. Sisi huanza kushona ngoma zikiisha na vumbi likitulia. Chakula kimevunwa, na mama anaweza kupata saa mbili za kukaa chini ya mwembe bila kuitwa na mtu. Au akaitwa mara moja tu.

Blanketi la viraka ni nini?

Watu wa pwani wana neno mfarishi, yaani tandiko lililotiwa pamba ndani. Sisi darasani tunasema blanketi la viraka, na kila mtu anaelewa. Lina safu tatu. Juu ni viraka vilivyoungwa. Katikati ni pamba. Chini ni bitana, yaani kitambaa kimoja kizima. Safu zote tatu zinashikwa pamoja na mishono inayopita kutoka juu mpaka chini. Bila mishono hiyo, ukilifua mara moja tu pamba yote inakimbilia kona moja, na mtoto wako analala chini ya matambara mawili matupu.

Kwanza fua nguo zote kwa maji ya moto na sabuni. Hata kitambaa kipya ukifue, maana kitambaa kipya hunywea. Kisha zipige pasi. Usichanganye kaki na kanga katika blanketi moja. Kaki ni nzito, itaichana kanga kabla ya mwaka kuisha. Weka nzito kwa nzito na nyepesi kwa nyepesi.

Sasa chukua kalamu. Tunataka blanketi la mtoto, upana sentimita 100 na urefu sentimita 120. Kila kiraka kiwe na sentimita 20 kwa 20. Vitakuwa viraka 5 kwa upana na 6 kwa urefu. Tano mara sita ni 30. Lakini mshono nao unakula kitambaa, sentimita 1 kila upande. Kwa hiyo kata viraka vyako sentimita 22 kwa 22. Wanafunzi wangu wengi walisahau hesabu hiyo. Mmoja alipata blanketi la kumtosha paka.

Pamba hatuna haja ya kuitafuta mbali. Pamba safi ipeleke ukauze. Pamba fifi, ile yenye madoa, ambayo bei yake ni ndogo, inafaa kabisa kwa kazi hii. Ichambue mbegu kwa mkono. Itandaze juu ya mkeka, uichape kwa fimbo nyembamba mpaka ifumuke na kuwa nyepesi.

Kijiji kingine cha wakulima wa pamba

Kuna kijiji kimoja kule Marekani, katika jimbo la Alabama, ambako akina mama nao walikuwa wakichapa pamba kwa fimbo. Kijiji hicho kinaitwa Gee's Bend. Mto umekizunguka pande tatu. Watu wake ni weusi, wajukuu wa watumwa walioletwa kulima pamba ya tajiri. Wengi wao wanaitwa Pettway, kwa jina la bwana aliyewamiliki mababu zao.

Utumwa ulipokwisha waliendelea kulima pamba, na waliendelea kuwa na madeni. Mwaka 1932 mfanyabiashara aliyekuwa akiwakopesha alifariki. Mjane wake akatuma watu kukusanya madeni. Walichukua mifugo, majembe, mahindi na viazi. Familia kama 60 ziliachwa bila kitu, na baridi ya kule ikifika si baridi ya Juni ya kwetu. Nyumba zilikuwa za mbao zenye nyufa. Akina mama walishona mablanketi kwa kila kitambaa walichokuwa nacho: nguo za shamba zilizochakaa, magunia ya mbolea, magunia ya unga. Ndani walitia pamba iliyofagiliwa sakafuni mwa kiwanda cha kuchambulia.

Katika akina mama hao alikuwapo Missouri Pettway. Mume wake, Nathaniel, alifariki, na mwaka 1942 Missouri alichukua nguo zake za kazi, mashati na suruali, akazichana. Binti yake Arlonzia alimsaidia. Arlonzia alieleza baadaye, akiwa mwanamke mzee, kwamba mama yake alitaka kumkumbuka mumewe na kujifunika kwa upendo wake. Blanketi hilo ni la vipande vya samawati iliyopauka, kahawia na nyekundu kidogo. Urefu wake unazidi mita 2. Hakuna pambo lolote ndani yake. Ukilitazama unaona kwamba zilikuwa nguo za mtu aliyefanya kazi juani.

Akina mama wa sehemu hiyo waliunda chama cha ushirika cha kushona mwaka 1966, wakauza mablanketi mpaka miji mikubwa. Mwaka 2002 mablanketi ya Gee's Bend yalitundikwa katika jumba la sanaa la Houston, watu wakaenda kuyatazama kama wanavyotazama picha za wachoraji wakubwa. Mwaka 2006 yakachapwa kwenye stempu za barua za Marekani. Blanketi la Missouri lilikuwa la kulalia, halikushonwa litazamwe na watu wa mjini.

Niliwaonyesha wanafunzi picha ya blanketi hilo mwezi Julai. Walinyamaza. Kisha bibi mmoja, mkubwa kuliko wote darasani, akauliza, "Mwalimu, na mawifi zake walikubali azikate?"

Nilicheka. Baada ya mwezi mmoja sikucheka tena.

Kanga ya mama

Mwezi Agosti mama yangu mzazi alifariki, nyumbani Ukerewe. Niliacha kazi, nikapanda meli ya Nansio. Nilikaa wiki tatu. Siku ya kugawa nguo za marehemu ilipofika, lilifunguliwa sanduku lake. Zilikuwamo kanga jozi tano, vitenge viwili na kaniki moja. Zote ziligawiwa bila maneno, isipokuwa kanga moja.

Mama alijifunza kusoma ukubwani, kama wengi wenu mnaosoma gazeti hili. Maneno ya kanga hiyo ndiyo ya kwanza aliyoyasoma bila kusaidiwa. Aliyasoma kwa kidole, kisha akaivaa siku hiyo hiyo kwenda kisimani ili watu wamuulize. Sasa maandishi yalikuwa yamefutika, limebaki neno moja tu. Kanga hiyo niliitaka mimi. Mdogo wangu aliitaka. Wifi yetu, aliyemuuguza mama, naye aliitaka, na haki yake ilikuwa kubwa kuliko yetu.

Mimi, kwa kuwa ni mwalimu wa kushona, nikajiona nina akili. Nikasema tuikate mara tatu, kila mmoja aitie katika blanketi lake. Shangazi yetu akanitazama.

"Nguo ya marehemu haitiwi mkasi, mwanangu," alisema. "Unataka kumkata mara ya pili?"

Nikasema, "Nisamehe, shangazi." Aliikunja kanga, akaiweka katika sanduku lake mwenyewe. Mimi nilirudi Bujora na kaniki, na kitenge kimoja ambacho hakuna aliyekitaka.

Huku nyuma darasa halikuvunjika. Nilidhani litavunjika. Mwenyekiti wetu, mama wa makamo aliyehitimu kisomo, alikuwa ameandika daftarini jina la kila mmoja na idadi ya viraka vyake. Walikuwa wameunga vyote. Walikuwa wametia hata pamba. Lakini waliitia nyingi mno, nene kama godoro, na sindano ilikuwa haipiti. Sindano nne zilivunjika. Walinipa pole, tukakaa kimya, kisha wakanionyesha kosa lao.

Siku ile sikuwa na nguvu ya kufundisha. Lakini kufumua niliweza. Nilifumua kutwa nzima, na wao wakifumua pamoja nami. Basi na wewe shika jambo hili: pamba iwe nyembamba, unene wa kidole kidogo cha mtoto, si zaidi. Itandaze sawasawa juu ya bitana, weka viraka juu, kisha piga bandi kubwa kubwa ili safu zisisogee. Halafu shona mishono midogo, ukianzia katikati kwenda pembeni. Ukianzia pembeni, kitambaa kinajikunja katikati na hakinyooki tena.

Wiki ile mama mmoja alibaki nyuma wenzake walipoondoka. Alitoa shati la bluu kutoka mfuko wa nailoni. Lilikuwa la mwanawe, mvuvi aliyezama ziwani. Alilificha miaka tisa. Aliniuliza kama alikate.

Zamani ningemjibu upesi, ndiyo, kata. Safari hii nilimwambia aulize kwanza nyumbani: baba wa kijana, ndugu zake, na mjane wake kama bado yupo karibu. Akikataa hata mmoja, aliache. Nguo ya marehemu si ya mtu mmoja. Alirudi Alhamisi akasema wamekubali, ila baba ameomba mfuko wa kifuani usikatwe, maana ndimo kijana alimoweka pesa zake. Tulifumua mfuko huo kwa wembe, polepole, tukaushona mzima katikati ya blanketi. Unaweza kutia mkono ndani. Baba huyo, nimeambiwa, anatia.

Kona

Umebaki upindo. Bitana uliikata kubwa kuliko viraka, sentimita 3 zaidi kila upande. Ikunje ije juu, ishone kuzunguka. Kona ndizo zinazosumbua. Kunja kwanza ncha ya kona kuelekea ndani, kisha kunja upande mmoja, kisha wa pili, zikutane kama pande za bahasha.

Kuna watu wanaoitwa Wasidi, kule India, katika jimbo la Karnataka. Asili yao ni Afrika. Mababu zao walivushwa bahari ya Hindi, wengi wao wakiwa watumwa. Wanawake wao nao hushona mablanketi ya nguo kuukuu, yanaitwa kawandi. Wao hawafanyi kama sisi. Huanzia pembeni, wakazunguka kiraka kwa kiraka mpaka wakutane katikati, na wanajua mkono wao. Mwanafunzi asiwaige kabla hajazoea. Mwisho hushona kwenye kila kona vipande vidogo vilivyokunjwa pembe tatu, wanaviita maua. Blanketi lisilo na maua hayo, kwao, ni kama liko uchi. Mimi nimependa jambo hilo, na darasani tumeanza kulifanya.

Mwezi Oktoba shangazi alikuja Mwanza kutibiwa macho, akafikia kwangu. Usiku alilala chini ya blanketi la kaniki na kitenge, yale mabaki ya mama ambayo hayakutakiwa. Asubuhi hakusema kitu juu yake. Alikunywa chai. Kisha akatoa kanga katika mfuko wake, ile ile, akaiweka mezani mbele yangu.

"Kata wewe," alisema. "Mimi sitazami."

Nilimpigia simu mdogo wangu, na wifi, nikawauliza tena. Kisha nikakata. Shangazi alikuwa amegeukia dirishani. Neno lile moja lililosomeka lilimwangukia wifi, na ilikuwa sawa. Kipande changu nilikitia kwenye kona, kimekunjwa pembe tatu. Nilipokuwa nikishona shangazi alisogea, akanyoosha mkono bila kusema, nikampa sindano. Kwa macho yake yale alishona kona ya pili. Imepinda. Mwenyekiti wa darasa alipoiona alitaka kunifumulia, nikamzuia.

Darasa litaanza tena ngoma zitakapokwisha. Uje na sindano mbili, uzi mweupe, mkasi kama unao, na daftari. Nguo njoo nazo zimefuliwa. Kama kuna nguo ya marehemu, iache kwanza nyumbani, zungumza na wenzako.