Apu ya nyota ilijuaje paa letu?

Uzi kidogo, na nitaanzia juu ya paa.

Nakaa Kiganjo, hapa Thika. Kupiga picha za nyota huku ni kuvizia tu, maana taa za mji zinakula nusu ya anga. Stima zikipotea majirani wanalalamika, mimi napanda juu na simu. Usiku mmoja zilipotea mtaa mzima, nikapata Kilimia safi kabisa. Nikaituma picha kwenye kundi la WhatsApp la wapenda nyota, na ili isiharibike nikaituma kama faili, sio kama picha ya kawaida. Haikuchukua muda, mtu nisiyemjua akaniandikia: "Kumbe sisi majirani! Si ni ile ploti ya matangi mawili?"

Nadhani alikuwa na nia njema. Lakini dadangu, ambaye huanika nguo kwenye paa hilo na watoto wake wakicheza kando, hakuona cha kuchekesha. Aliniuliza swali moja: "Sasa ni nani mwingine umemwambia tunakaa wapi?"

Hilo ndilo swali ambalo mijadala ya siasa huruka. Utasikia jukwaani mmoja akisema kampuni za nje zinatuibia data, mwingine anajibu kwamba sheria tunayo, kwa hivyo tulale tu. Wa tatu atakuambia kama huna la kuficha usiogope. (Huyo wa tatu muombe nywila yake ya simu uone.) Simtaji mtu wala chama, kwa sababu hoja hizi zinazunguka pande zote.

Tuanze na apu yenyewe. Ikiomba kujua uliko, ina sababu halali. Kiganjo iko kama nyuzi moja tu kusini mwa ikweta, na anga ya hapa si ile ya London. Bila kujua uko wapi na ni saa ngapi, haiwezi kukuonyesha nyota ipi iko wapi.

Lakini inahitaji kujua kwa usahihi gani? Hapo ndipo pa kushika. Uzi mmoja wa dunia ni kama kilomita 111. Ruiru iko takriban kilomita 20 kutoka hapa. Ningeidanganya apu kwamba niko Ruiru, nyota zingesogea pungufu ya nusu ya upana wa mwezi. Macho yangu hayangejua. GPS ya simu, kwa upande mwingine, huonyesha uliko kwa mita chache. Usahihi huo hausaidii kitu kwa Kilimia. Unasaidia kupata ploti.

Halafu simu huandika mambo hayo ndani ya picha yenyewe: saa, aina ya simu, na ukiwa umeiruhusu kamera, mahali pia. Ukituma picha kwa njia ya kawaida WhatsApp huyafuta. Ukituma kama faili yanaenda yote, kama yangu yalivyoenda.

Na si kundi tu. Apu nyingi za bure zinaishi kwa matangazo, na ndani yake kuna vipande vya programu vya kampuni za matangazo. Marekani, Desemba 2013, tume ya biashara ya huko, FTC, iliibana apu ya tochi iitwayo Brightest Flashlight kwa sababu ilikuwa ikiwapa watangazaji mahali mtumiaji alipo. Tochi, jameni! Inataka kujua uliko ya nini?

Sasa sheria. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, sehemu ya 25, inasema data ikusanywe kwa kiasi kinachohitajika tu kwa kazi iliyotajwa. Sehemu ya 4 inamfikia hata mwenye apu asiye na ofisi Kenya, mradi anatumia data ya mtu aliye hapa. Kwa hivyo anayesema sheria tunayo hadanganyi.

Na imewahi kuuma. Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza Roma School Sh4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila idhini ya wazazi, na Casa Vera Lounge Sh1,850,000 kwa picha ya mteja. Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru Worldcoin ifute data za macho na nyuso ilizokusanya kwa Wakenya. Foleni za KICC zilikuwa za 2023, kumbuka. Karibu miaka miwili.

Shida ninayoiona ni hii: faini ya juu kabisa ya Kamishna ni shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, *yoyote iliyo ndogo*. Kwa shule hiyo ni pigo. Kwa kampuni ya dunia nzima ni pesa ya chai. Nikikutana na mgombea anayelia kuhusu data zetu, nitamuuliza kama yuko tayari kubadilisha hayo maneno matatu bungeni.

Kwa wanaouliza nilifanya nini: nimeinyima kamera ruhusa ya mahali. Apu ya nyota nimeiachia makadirio tu. Android tangu toleo la 12 na iPhone tangu iOS 14 zinakuruhusu kuchagua hivyo. Nyota bado ziko pale pale. Nimewaandikia wenye apu wafute kumbukumbu zangu za mahali, na wakinyamaza nitapeleka malalamiko kwa Kamishna, ambaye sheria inampa siku 90 kuyamaliza. Ile faili niliifuta kwenye kundi, lakini walioipakua wanayo.

Dadangu sasa anaanika nguo zake huko chini, kwenye kamba ya korido.