Harambee ya Kitabu cha Kompyuta

Mwaka 1970, kituo cha mawasiliano ya setilaiti cha Longonot kilifunguliwa upande wa Naivasha, na Kenya ikapata njia ya kuzungumza na ulimwengu kupitia angani. Mei 2024, kampuni za Microsoft na G42 zilitangaza mpango wa kujenga kituo cha data huko Olkaria, kitakachotumia umeme wa mvuke. Matukio yote mawili ni ya eneo moja. Mwenyeji mwenye hamu ya mitambo ana kitabu kizima cha historia ya kompyuta hapo, hata kama hajakanyaga darasa la historia.

Kinachomkwamisha mara nyingi ni pesa. Mchapishaji wa kawaida hupenda vitabu vya kiada kwa sababu vina soko la uhakika; historia ya kompyuta haina. Ndipo wengine wanapowaendea wasomaji moja kwa moja, walipie kabla kitabu hakijachapishwa.

Mbinu hii ni ya zamani. Olaudah Equiano, Mwafrika aliyewahi kuwa mtumwa, alitoa kitabu cha maisha yake London mwaka 1789 kwa msaada wa watu waliojiandikisha mapema kukinunua, na majina yao yakachapwa humo ndani. Siku hizi kazi hiyo hufanyika mtandaoni. Mwaka 2023, Marcin Wichary, ambaye kazi yake ni ubunifu wa programu, alichangisha zaidi ya dola 700,000 kupitia Kickstarter kwa ajili ya Shift Happens, kitabu kuhusu historia ya kibodi. Ndiyo, kibodi tu! Lakini hakuomba akiwa mikono mitupu: alikuwa ameshafanya utafiti kwa miaka.

Wakenya nao wameshapita huko. Mwaka 2013 waanzilishi wa BRCK, modemu ngumu iliyobuniwa Nairobi kwa ajili ya mahali ambapo umeme hukatikakatika, walipata zaidi ya dola 170,000 Kickstarter. Hata hivyo, Kickstarter haifungui mlango kwa kila nchi, na mtu wa Naivasha ana njia iliyo karibu zaidi: M-Changa, jukwaa la Kenya ambapo mchango huingia kwa M-Pesa.

Harambee tunaijua. Jina huandikwa kwenye orodha ya WhatsApp, kiasi pembeni, anayefuata anainakili orodha na kujiongeza chini. Wenye ahadi hukumbushwa hadi waone haya. Tofauti ni kwamba mchangiaji wa matanga hadai kitu, ilhali mchangiaji wa kitabu amenunua. Anangoja nakala yake.

Kwa hiyo hesabu ije kwanza. Chukua mfano: nakala 500 zikigharimu shilingi 600 kila moja kuchapisha, zinahitajika shilingi 300,000. Wasomaji 200 wakilipa 1,500 kila mmoja, mtambo wa kuchapa utanguruma. Lakini bado hajalipwa mhariri, wala mwenye picha, wala nauli ya vifurushi. Mwandishi anayesahau vifurushi huishia kuvilipia kutoka mfukoni.

Kampuni kubwa nazo huanguka. Unbound ya London, iliyoanza mwaka 2011 kwa kuchangishia vitabu, iliwekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi Machi 2025, na waandishi wakabaki wakidai. Salama ya mwandishi mdogo ni kuweka pesa za kuchapa kwenye akaunti ya pekee na kuomba michango muswada ukiwa umekamilika.

Naye aanze na watu. Mafundi waliohudumu Longonot miaka ya mwanzo sasa ni wazee, na simu ya mkononi inatosha kurekodi sauti zao. ISBN hutolewa na Huduma ya Maktaba ya Taifa ya Kenya; hilo ni jambo la mwisho. Kwa sasa, wewe mwenye picha za kituo, vitabu vya maelekezo au kadi za kompyuta za zamani ndani ya sanduku, usimpe vitu hivyo mnunuzi wa vyuma chakavu. Vipige picha, andika mwaka na majina nyuma ya picha za zamani, kisha umtafute anayeandika.