Kabla ya kujumlisha madeni, iulize safu jina lake

Gunia la maharage likitoka Nakivale, wilayani Isingiro, kwenda Mbarara, mara nyingi nyuma yake hubaki deni la mtu. Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda na Wasomali huishi katika makazi hayo ya wakimbizi, na biashara zao huvuka mipaka. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi hata yenye daftari inaweza kupotea, daftari likiwa ndani ya kompyuta.

Chukua mfano wa muuza maharage mwenye programu ya madeni yenye safu tatu: jina la mteja, simu na deni. Fundi aliiamuru ijumlishe safu ya tatu. Ilikwenda vizuri hadi ilipoongezwa safu ya malipo kabla ya deni. Mteja aliyekopa shilingi 600,000 na kulipa 50,000 akasomeka kuwa deni lake ni 50,000. Programu haikulalamika, kwake hizo zote ni namba.

Dawa ni kuacha kuhesabu nafasi. Hifadhidata inapojibu swali, huleta pia maelezo ya kila safu. Katika lugha ya Python, maelezo hayo husomwa kwenye cursor.description, yenye vitu saba kwa kila safu. Viwili vya kwanza, jina na aina, ni vya lazima. Vingine, kama idadi ya tarakimu baada ya nukta, huweza kuachwa tupu. Katika Java, kazi hiyo hufanywa na ResultSetMetaData. Programu hutafuta kwanza safu iitwayo "deni", popote ilipo, ndipo ijumlishe.

Aina nayo ina uzito. Simu ya Uganda inayoanza na 07 ikiwekwa kwenye safu ya namba badala ya maandishi, sifuri ya mbele hupotea.

Hata hivyo, maelezo hayo hayasemi kama 600,000 ni shilingi za Uganda au za Tanzania. Sarafu inahitaji safu yake yenyewe.

Mfanyabiashara anayeagiza programu kwa fundi wa Mbarara hahitaji kujua Python. Swali moja linamtosha: "Ukiongeza safu leo, jumla ya madeni ya jana itabaki ileile?" Fundi akisita, daftari la karatasi lisitupwe bado.