Mwenye Sonona na Ishara Zinazotupita Machoni

Katika Kiruruma, kama katika vijiji vingine vya Karagwe na Kyerwa, hali ya nyumba aghalabu husomwa shambani. Kwa hiyo mkulima aliyesifika kwa kupalilia anapoiacha migomba yake imezwe na magugu, na kahawa iliyoiva ikapukutika bila mchumaji, majirani huwa wepesi wa kumhukumu kwamba ameingiwa na uvivu au ametekwa na pombe ya rubisi, ilhali yamkini ameshikwa na sonona.

Sonona ni maradhi yenye tiba. Simanzi hudumu wiki mbili na zaidi, usingizi huharibika, chakula hukosa ladha, na mgonjwa hujiona hana thamani. Walio wengi hawafikii kujiua. Hata hivyo Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu 727,000 walijiua duniani, na karibu robo tatu yao ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati.

Anayekusudia kujiua mara nyingi hutoa ishara kwanza. Husema, "Mimi ni mzigo kwenu," au, "Nikiondoka mtapumzika". Hugawa vitu alivyovithamini, huwausia ndugu juu ya wanawe pasipo safari wala ugonjwa unaojulikana, hujitenga na jamaa, huzidisha pombe. Iliyo ngumu kutambulika ni pale mtu aliyezama katika simanzi miezi mingi anapotulia ghafla. Jamaa humshukuru Mungu, kumbe huenda utulivu ule umetokana na kukata shauri.

Hapo yafaa kuuliza waziwazi: "Kaka, mawazo ya kujiua yamekujia?" Wengi huogopa kwamba swali hilo litampandikizia wazo, lakini uchunguzi wa wataalamu haukuthibitisha hofu hiyo, na wagonjwa wengi hupata faraja kwa kuulizwa. Akikiri, asikilizwe bila mawaidha wala karipio, asiachwe peke yake, na dawa za mashambani zitolewe nyumbani mwake zikafungiwe kwa jirani. Maana Sri Lanka, ilipopiga marufuku zile zenye sumu kali zaidi, idadi ya wanaojiua ilipungua kwa zaidi ya nusu. Kisha asindikizwe siku ile ile mpaka zahanati, au hospitali kama ya Nyakahanga, na baada ya hapo azidi kutembelewa.

Kinachowafanya jamaa wamfiche mgonjwa ni aibu, na pia hofu ya sheria, kwa kuwa kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kimefanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Jirani zetu wa Kenya walikuwa na kifungu cha namna hiyo, nayo Mahakama Kuu yao ikakitangaza Januari 2025 kuwa kinapingana na Katiba. Maadamu sheria yetu ingalipo, dawa iliyo bora ni kuwahi: anayepelekwa kwa tabibu wakati ishara zingali maneno tu hajatenda kosa lolote.