KITAMBAA CHA KUMTULIZA MTOTO

Mtoto mchanga hawezi kusema, lakini anajua mengi. Tangu siku zake za kwanza anajua harufu ya mama yake. Akiisha kufika miezi 6 au 8 hivi, anatambua kwamba mama ameondoka, lakini hajui kwamba mama atarudi. Kwa hiyo analia. Si ukaidi, ni hofu.

Mtoto anayebebwa mgongoni na kukaa karibu na mama yake kila siku, mara nyingi hahitaji kitu kingine. Lakini kuna siku ambapo mama hana budi kumwacha. Anakwenda sokoni au shamba la mbali, au anaugua, au anazaa mtoto mwingine. Siku hiyo kipande cha kitenge chenye harufu ya mama kinaweza kumsaidia mtoto kungoja.

Je, kitambaa hiki ni hirizi?

Hapana. Mtu hufunga hirizi kwa sababu anaamini ina nguvu ya kufukuza ugonjwa au uchawi. Kitambaa hiki hakina nguvu yo yote. Hakizuii malaria wala kuhara. Kinamkumbusha mtoto mama yake, basi. Kwa hiyo usikifunge shingoni wala mkononi mwa mtoto. Kamba ya shingoni inaweza kumnyonga.

Namna ya kumzoeza mtoto

1. Chukua kitenge cha pamba kilicholainika kwa kuvaliwa. Kata vipande viwili, kila kimoja kama leso ya mkono. Shona pindo vizuri. Kisiwe na vifungo, shanga wala nyuzi zinazoning'inia, kwa maana mtoto hutia kila kitu kinywani.

2. Weka kipande kimoja kifuani pako, ndani ya nguo, siku nzima, ili kishike harufu yako.

3. Unapomnyonyesha, mpe mkononi. Fanya hivyo kila siku, kabla haijafika siku ya kumwacha.

4. Kisha mwache muda mfupi na nyanya yake, au na mtu mwingine anayemjua, pamoja na kitambaa. Mwage kwa uso wa furaha. Usitoroke. Mama akitoroka, mtoto hujifunza kumshika kwa nguvu zaidi kesho.

5. Kama hakitaki, usimlazimishe. Watoto wengine hawakihitaji kamwe.

Mambo ya kuangalia sana

Mtoto wa chini ya mwaka 1 asilale na kitambaa hiki. Kinaweza kumfunika pua na kinywa, naye hana nguvu ya kukiondoa. Akiisha kusinzia, kiondoe, umlaze chali, pasipo mto wala nguo karibu na uso wake.

Ufue kitambaa kwa sabuni, kimoja leo na kingine siku nyingine, ili kimoja kiwe na harufu yako siku zote. Usianike chini wala kivulini. Kuna inzi anayetaga mayai katika nguo mbichi, na funza wake huingia ngozini na kufanya jipu. Anika juu ya kamba penye jua, kisha piga pasi ya moto pande zote mbili.

Tena, kitambaa si maziwa. Mpe mtoto maziwa ya mama tu mpaka miezi 6. Baada ya hapo mpe na vyakula vingine, ukiendelea kumnyonyesha mpaka miaka 2 au zaidi. Mtoto akilia, kwanza uangalie: Ana njaa? Amelowa? Mwili wake una moto? Anahara? Mtoto mwenye homa asinyamazishwe kwa kitambaa. Mlete hospitalini siku hiyo hiyo.

Mtoto akilazwa hospitalini

Zamani hospitali nyingi za Uingereza ziliwazuia wazazi kukaa na watoto wao wagonjwa. Mwaka 1952 James Robertson alionyesha filamu ya msichana wa miaka 2 aliyelazwa siku 8. Wazazi walimtembelea kwa muda mfupi tu. Alijizuia kulia, akashikilia dubu wake wa kuchezea na blanketi yake. Waganga wengine walikasirika walipoiona, lakini mwaka 1959 kamati ya serikali ilishauri kwamba wazazi wawe karibu na watoto wao.

Basi, ukimleta mtoto hapa, kaa naye. Ukilazimika kwenda nyumbani kuwatazama wengine, mwachie kitambaa chake, na mwambie muuguzi ni cha nini, asikitupe pamoja na matambara. Mwambie mtoto utarudi. Kisha urudi kweli. Kitambaa kinamsaidia mtoto kwa sababu mama anayemkumbusha huja tena. Hivyo mtoto anaanza kujifunza kutumaini.