Risasi Ina Kichwa na Kitako: Istilahi za Wajaza Maganda

Neno risasi limebebeshwa mzigo mkubwa. Asili yake ni Kiarabu, na huko maana yake ni yale madini mazito, laini, ya rangi ya kijivu, ambayo mafundi wa zamani waliyayeyusha kwa moto mdogo tu. Maana hiyo ingalipo katika Kiswahili. Lakini risasi pia ni kile kipande kitokacho mtutuni na kwenda kupiga shabaha; na risasi tena ni kile kitu kizima kitiwacho katika chemba ya bunduki, pamoja na ganda lake, baruti yake na fataki yake. Katika mazungumzo ya kila siku hatupotezani. Mtu akisema kwamba askari amegawiwa risasi kumi, au kwamba daktari ameopoa risasi begani mwa majeruhi, hapana msikilizaji atakayeuliza ni risasi ipi. Wako watu, hata hivyo, ambao utata huu waweza kuwapasulia bunduki mbele ya uso.

Watu hao ni wanamichezo wa shabaha wanaojitengenezea risasi kwa mkono. Mchezo wao ni wa kale kiasi: mashindano ya Palma, mathalani, yalianza mwaka 1876 katika uwanja wa Creedmoor, New York, na hata leo washindani wake hulenga kutoka yadi 800, 900 na 1,000. Yadi 1,000 ni mita 914. Katika baadhi ya mashindano risasi hugawiwa na waandalizi ili wote wawe sawa. Katika mengine, kama yale ya daraja la F, kila mtu huja na zake, naye aliyezijaza kwa uangalifu zaidi huwa ametangulia hatua moja kabla ya kulala chini na kulenga. Hatukusudii katika makala haya kumfundisha mtu kazi hiyo, ambayo ina vitabu vyake vya vipimo, na ambayo katika nchi nyingi haifanywi bila kibali. Haja yetu ni maneno yake. Tumepata kuona rasimu ya tafsiri ya kanuni za mashindano ambamo mfasiri, mtu hodari katika mambo mengine, aliandika "risasi ya gramu 155". Palikuwa na makosa mawili katika maneno matatu, nayo ndiyo yaliyotusukuma kuandika.

Tuanze na kosa la kwanza, yaani risasi yenyewe. Wanaofuata asili ya maneno watasema kwamba jina hili libaki kwa kile kipande kirukacho, kwa kuwa ndicho chenye madini, na kwamba kitu kizima kitafutiwe jina jingine. Kamusi za zamani zinawapa hata jina hilo, kwani zilikiita kitu kizima "kiasi cha bunduki", yaani baruti iliyokwisha kupimwa. Sisi hatukubaliani nao. Wasemaji wamekwisha kuamua. Magazeti huandika kila mara kwamba polisi wameokota "maganda ya risasi" na "kichwa cha risasi", na sheria iliyotungwa Tanzania mwaka 2015 ya kudhibiti silaha na risasi haizungumzii vipande vya madini peke yake. Basi risasi na iwe kitu kizima, kichwa kiwe kile kirukacho, na ganda kile kibakicho. Faida yake nyingine ni kwamba siku hizi vipo vichwa vya shaba tupu visivyo na madini yale hata chembe. Anayeshikilia asili ya neno atalazimika kuviita "risasi zisizo na risasi".

Ganda hutengenezwa kwa shaba iliyochanganywa na zinki, kwa kawaida sehemu 70 kwa 30. Lina kiwiliwili, bega na shingo; shingo ndiyo inayokishika kichwa. Upande wa pili tunasema ni kitako, na hapo ndipo penye kishimo cha fataki. Tunasisitiza kitako kwa sababu Waingereza huuita upande huo kwa neno lao la kichwa, na mfasiri asiyeangalia atakuwa na risasi yenye vichwa viwili na isiyo na makalio. Fataki ni neno zuri la zamani, lililotumika tangu enzi za bunduki za kutiwa kwa mbele. Haliondoki kwa sababu tu Watanzania wa leo hulisikia zaidi kwa maana ya mtu mzima anayewarubuni wasichana wadogo.

Sasa gramu. Uzito wa vichwa na wa baruti hupimwa kwa kipimo cha kale cha Kiingereza ambacho asili yake ni punje ya nafaka. Pauni moja ina vipimo hivyo 7,000. Gramu moja ina 15.43, na tola, ambayo masonara wa pwani waliitumia miaka mingi kupimia dhahabu, ina 180. Kichwa cha Palma cha vipimo 155 kina uzito wa gramu 10 na kidogo. Gramu 155 ni sawa na risasi sita nzima! Kosa la namna hiyo katika kichwa ni la kuchekesha, kwa kuwa hapana kichwa kama hicho kitakachoingia mtutuni. Kosa lile lile katika baruti si la kuchekesha. Baruti ya risasi moja ya kalibra 7.62 haizidi sana gramu 3, na kanieneo ya gesi ndani ya chemba hufikia baa 4,000, hali gurudumu la gari dogo hutosheka na baa 2 au 3. Baruti ikizidi kidogo tu, chuma huanza kulalamika.

Tumefikiri sana juu ya jina la kipimo hiki. "Chembe" na "punje" ni maneno yetu, yanapendeza, na yanabeba ile ile picha ya nafaka. Lakini baruti yenyewe ina punje: ukiitazama utaona vijiti vifupi au vidonge vidogo vinavyohesabika. Tukisema "ongeza punje mbili", je, tunaongeza uzito au tunaongeza vijiti viwili? Kwa hiyo tunapendekeza greni kwa uzito, na punje ibaki kwa kile kijiti. Tunatambua ubaya wake: greni na gramu husikika karibu karibu, hasa uwanjani penye kelele. Dawa yake ni kwamba katika maandishi greni iandikwe kwa ukamilifu wake siku zote, wala isifupishwe kuwa "gr", ambayo wengi wetu tulifundishwa shuleni kuisoma gramu.

Kitenzi nacho kina mashaka yake. Wazee walisema kushindilia bunduki, na walikuwa na haki: gobori lilimiminiwa baruti nyeusi kwa kibuyu au pembe, kisha likashindiliwa kwa mdeki. Baruti isiyo na moshi, aliyoibuni Mfaransa Paul Vieille mwaka 1884, haivumilii desturi hizo. Haipimwi kwa kukadiria ujazo wa pembe, wala haitafuti nguvu ya mkono juu ya mdeki. Kushindilia tukuachie gobori. "Kujaza risasi" nako kumekwisha kuchukuliwa na wale wanaozipanga katika magazini. Linabaki "kujaza maganda", ambalo halikosewi, na mtendaji wake ni mjaza maganda.

Kazi kubwa ya mtu huyu ni kutafuta mlingano mzuri wa ganda, fataki, baruti na kichwa kwa bunduki moja mahususi, kwani kinachoifaa bunduki hii si lazima kiifae ya jirani. Mlingano huo tunauita mseto. Msomaji atakumbuka serikali ya mseto, nasi tunapenda afikirie hivyo: vitu vinne visivyo na asili moja vinakubali kufanya kazi pamoja, kimoja kikibadilishwa mapatano yote huanza upya. Mjaza maganda huanza na baruti ya chini katika kitabu cha vipimo, hupanda kwa hatua ndogo ndogo, na kwa kila hatua hupiga risasi kadhaa katika shabaha moja. Pia hujaribu kina cha kukalisha kichwa katika shingo, yaani umbali ambao kichwa kitaruka kabla ya kuingia katika mifereji ya mtutu.

Matundu yanayobaki katika karatasi tunayaita kishada, kama kishada cha zabibu. Hapa pana tofauti ambayo Kiswahili cha kawaida hakiitilii maanani. Kupata shabaha ni jambo moja, kuwa na kishada kidogo ni jingine. Kishada kidogo kilichokaa kando ya katikati si kosa la mseto. Mlengaji atasogeza tu kilengeo chake. Kishada kilichotawanyika hakiponi kwa kilengeo. Twaongeza kwamba wengi hujidanganya kwa vishada vya matundu matatu. Matatu yaweza kukaribiana kwa bahati tu; piga ishirini ndipo useme.

Upana wa kishada hupimwa kwa dakika, ile ya pembe wala si ya saa, yaani sehemu moja ya 60 ya nyuzi moja. Katika mita 100 dakika moja ni milimita 29. Katika yadi 1,000 inakuwa sentimita 26 na nusu. Na hapo kasi ya kutokea mtutuni huonyesha umuhimu wake. Kichwa kikitoka kwa mita 900 kwa sekunde, na cha pili kwa mita 890, wanaotazama karatasi ya mita 100 hawataona kitu. Katika yadi 1,000 cha pili kitaangukia yapata sentimita 20 chini ya mwenzake, karibu upana mzima wa duara ambalo washindani wa daraja la F wanalitafuta. Kwa hiyo mjaza maganda haulizi tu kasi ni ngapi, bali inatofautiana kwa kiasi gani toka risasi hadi risasi. Tofauti hiyo tumeiita mtawanyiko wa kasi, tukiacha kishada kitawanyike karatasini na kasi itawanyike katika hesabu.

Limebaki neno moja ambalo limetushinda. Ni ile nafasi finyu, sehemu ndogo ya milimita, iliyopo kati ya kitako cha ganda na uso wa komeo la bunduki ganda likiwa limekaa chembani. Ikizidi, ganda hunyumbuka na mwisho hukatika. Ikipungua, komeo halifungi. Waingereza huipa jina linalotokana na kichwa, na tumekwisha kueleza kwa nini hatuwezi kuwafuata. "Pengo la kitako" ni sahihi, lakini kila tulipolisoma kwa sauti kikaoni palikuwa na vicheko. Msomaji mwenye neno bora atuandikie.